Nimehamia Voi na kazi iko Nairobi. Niseme au ninyamaze?

SWALI

Mama, pokea salamu zangu kutoka Voi. Mimi ni mhasibu katika kampuni inayouza vipuri vya magari, Enterprise Road, Industrial Area. Juni nitatimiza miaka 6 hapo. Mume wangu ni mwalimu. Januari TSC, tume inayoajiri walimu, ilimhamishia shule ya huku, na tulipopiga hesabu ya kodi ya nyumba mbili tukaona heri tuiache ile ya Donholm tuje sote. Watoto wetu wawili wameshaanza shule hapa.

Kabla ya kuhama nilizungumza na mhasibu mkuu, ambaye ndiye mkubwa wangu. Akanijibu, "Wewe nenda, bora kazi ifike kwa wakati, mimi sina neno." Hatukuandikiana chochote. Tangu Februari nafanyia kazi nyumbani, na panapohitajika napanda treni, nalala kwa dada yangu Embakasi, nashinda afisini siku mbili tatu, kisha narudi.

Sasa mhasibu mkuu amepata kazi kwingine na anaondoka mwisho wa mwezi. Mkurugenzi naye ameanza kuuliza katika kikundi cha WhatsApp cha kampuni ni nani wanaofika afisini na nani hawafiki. Kuna fununu kwamba watu watapunguzwa kwa sababu biashara imelegea. Rafiki yangu wa stoo ananiambia ninyamaze, nisijiandikishe kwenye orodha kwa mkono wangu mwenyewe. Mwingine amesikia kwamba nikiomba nitapewa mkataba wa mshauri, yaani nisiwe tena mwajiriwa, niwe nalipwa kwa ankara. Mama, silali. Nikiomba rasmi wanaweza kunifuta kwa sababu ya kuomba? Na huo mkataba wa mshauri ukija niutie sahihi?

Mama Wawili, Voi

JIBU

Mwanangu, usinyamaze hata wiki moja zaidi. Rafiki yako wa stoo anakutakia mema, lakini ushauri wake utakuponza.

Nimefanya kazi miaka mingi katika idara za wafanyakazi hapa Nairobi, upande ule wa meza ambako majalada hufunguliwa. Mkubwa mpya akiingia hasimuliwi hadithi za watu, anapewa majalada. Katika jalada lako kuna barua ya ajira inayosema kazi yako iko Nairobi, basi. Akitazama mahudhurio, jina lako linaonekana kwa nadra tangu Februari. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja makosa ambayo mwajiri anaweza kumfukuzia mtu papo hapo, na la kwanza kutajwa ni kukosekana mahali palipowekwa pa kazi bila ruhusa wala sababu halali. Ruhusa unayo. Lakini imo katika kumbukumbu ya mtu mmoja, na mtu huyo anafungasha.

Nilimshuhudia kijana mmoja, karani wa bohari, aliyeruhusiwa hivyo hivyo kwa mdomo akahamia Nakuru. Bosi wake alipoondoka, kijana akaitwa aeleze alikokuwa miezi yote ile. Tulimpigia simu yule bosi wa zamani, sauti ikawekwa wazi chumba kizima kisikie. Akasema anakumbuka walizungumza kitu, ila hakumbuki walikubaliana nini. Kijana alikuwa anasema kweli, na sote tuliokuwa pale tulijua anasema kweli, lakini hapakuwa na pa kushika. Wewe ni mhasibu, huhitaji kuambiwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo anza na mhasibu mkuu kabla hajakabidhi kompyuta. Mwandikie barua pepe fupi, ya heshima, isiyo na lawama wala hofu ndani yake. Unaweza kusema hivi: "Kama tulivyozungumza kabla sijahama, tangu Februari nimekuwa nikifanya kazi zangu nikiwa Voi kwa idhini yako, na kufika afisini kila ninapohitajika. Kwa kuwa unaondoka, naomba unithibitishie hili ili atakayeshika nafasi yako awe na kumbukumbu." Mtu muungwana atajibu kwa mstari mmoja, na mstari huo mmoja unatosha. Akisita, mpigie simu, kisha mwandikie tena ukieleza mlichozungumza kwenye simu na tarehe yake. Barua zinazohusu ajira yako wewe ziweke pia nje ya kompyuta ya kampuni, zichape uzitie kwenye faili nyumbani, maana siku ya kuondoka anwani ya barua pepe hufungwa kabla hujafika getini. Ila usijitumie orodha za mishahara wala hesabu za kampuni. Hiyo itakuwa kesi nyingine, na ya haki kabisa.

Ukishamaliza hilo, toa mkataba wako ulipo uusome. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo kinataka mkataba wa maandishi uonyeshe mahali pa kazi. Mikataba mingi ya Nairobi huandikwa "Nairobi, au mahali pengine popote kampuni itakapoelekeza". Maneno hayo yanampa mwajiri nafasi ya kukuhamisha, hayakupi wewe nafasi ya kujihamisha. Kifungu hicho hicho kinasema jambo kama hilo likibadilika, mwajiri atashauriana na mfanyakazi, aurekebishe mkataba na amjulishe kwa maandishi. Hicho ndicho unachokitafuta: karatasi moja inayosema mahali pako pa kazi ni Voi na Nairobi, kwa mpango fulani, kuanzia tarehe fulani.

Nikuambie na upande usiopendeza. Hakuna kifungu katika sheria ya Kenya kinachompa mfanyakazi haki ya kudai afanyie kazi nyumbani. Machi 2020, corona ilipoingia, serikali iliwataka waajiri wawaruhusu watu wafanyie nyumbani, na kampuni nyingi zikazoea, lakini mazoea hayo hayakugeuka kuwa sheria. Kwa hiyo unaomba makubaliano, hudai haki. Barua inayoandikwa na mtu anayejua hilo husomeka tofauti kabisa na ya mtu anayetishia mahakama katika aya ya kwanza.

Wanaweza kukufuta kwa sababu ya kuomba? Kisheria, hapana. Kifungu cha 43 na cha 45 vinamtaka mwajiri athibitishe sababu halali na utaratibu wa haki. Ukishtakiwa kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu, kifungu cha 41 kinataka uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa na usikizwe, na una ruhusa ya kuingia na mfanyakazi mwenzako. Mtu anayelipwa kwa mwezi hupewa ilani ya maandishi ya siku 28 au zaidi, au mshahara wa muda huo. Kuomba kwa adabu si kosa popote.

Lakini wanaweza kukataa. Wanaweza kukujibu, "Asante kwa barua yako, tunakutarajia afisini Jumatatu." Na hapo, mwanangu, ndipo palipo na hatari yako yote. Ukikaa Voi Jumatatu hiyo, kosa linakuwa lako, na barua ya mhasibu mkuu itakulinda kwa miezi iliyopita tu. Kaa na mume wako kabla hujatuma chochote, mjue mtafanya nini jibu hilo likija. Kuna dada Embakasi, je, atakupokea kwa mwezi mzima mkitafuta njia nyingine? Watoto watabaki na baba yao? Mna akiba ya kuendesha nyumba miezi mingapi kwa mshahara wa mwalimu peke yake? Sikuulizi ili nikutie hofu. Nimeona mtu aliyekwisha kujua jibu lake akizungumza na mkurugenzi kwa sauti iliyotulia, na nimeona yule ambaye hajui akikubali lolote analowekewa mezani.

Sasa ombi lenyewe. Waombaji wengi hueleza shida zao: mume amehamishwa, kodi iko juu, watoto wamepata shule. Yote ni kweli na yatajwe kwa sentensi moja. Kurasa zilizobaki zijibu maswali ya mkurugenzi, ambayo nimeyasikia mara nyingi yakiulizwa mlango ukiwa umefungwa. Mteja akija na hundi nani anaipokea? KRA, watu wa kodi, wakitaka stakabadhi nani anazitoa? Mtu huyu akipotea hewani saa nne asubuhi tutampata wapi?

Kazi yako ina bahati ya kuwa na kalenda inayojulikana. PAYE (kodi ya mishahara), NSSF (akiba ya uzeeni) na makato ya SHA (bima ya afya) lazima yafike kabla ya tarehe 9 kupita, na VAT kabla ya tarehe 20 kupita. Iandike kalenda hiyo ndani ya ombi lako. Sema utakuwa Nairobi siku zile za kufunga mwezi na kuandaa mishahara, utakuwepo wakaguzi wa hesabu wakija, na ukihitajika kwa dharura utafika siku inayofuata. Marejesho ya kodi yenyewe hupelekwa kwa iTax na ankara hupita eTIMS, mifumo ya KRA ya mtandaoni ambayo haijui kama umekaa Enterprise Road au Voi. Kisha orodhesha bila kuficha kazi zinazotaka mkono wa mtu: kupokea hundi, kupeleka benki, kuhesabu pesa ndogondogo za matumizi, kupanga stakabadhi za karatasi. Pendekeza ni nani atakayezishika na wewe utamfanyia nini badala yake. Hapo ndipo maombi mengi huangukia. Mwenzako aliyebaki afisini akianza kunung'unika kwamba anakufanyia kazi, mkurugenzi atamsikiliza yeye kwa sababu ndiye anayemwona kila asubuhi. Zungumza naye kabla ya kumtaja.

Swali la stima na intaneti litakuja, lijibu mapema. Uwe na laini ya mtandao wa pili na betri ya kukuvusha saa kadhaa. Wakikuambia kuwa huko mbali hakuaminiki, wakumbushe kwa upole kwamba stima ilipozimika nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, Nairobi nayo ilikuwa gizani, na nyaya za chini ya bahari zilipokatika Mei 2024, intaneti ilisuasua Industrial Area kama kwingineko.

Kuna na siri za watu. Wewe unashika mishahara, nambari za akaunti na za vitambulisho. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inambana mwajiri taarifa hizo zikivuja, kwa hiyo hofu yake hapa ni ya haki na uiheshimu. Eleza kwamba unatumia kompyuta ya kampuni peke yake, ina neno la siri, watoto hawaigusi, na hufanyii kazi ya mishahara katika duka la intaneti. Kama una chumba chenye mlango unaofungwa, kitaje.

Nauli usiidai mwanzoni. Wewe ndiye uliyehama, na mkurugenzi akiona tikiti za treni kwenye ukurasa wa kwanza hatafika wa pili. Omba majaribio ya miezi 3, na tarehe ya kukaa pamoja kutathmini iandikwe. Mwajiri mwenye wasiwasi hukubali kitu chenye mwisho upesi kuliko kitu cha milele. Omba pia ilani ya maandishi, hata ya mwezi mmoja, iwapo wataamua urudi afisini, upate muda wa kujipanga. Na ombi hilo lielekeze kwa mkurugenzi au idara ya wafanyakazi, usilitie katika kikundi cha WhatsApp.

Kuhusu kupunguzwa kwa watu, fununu si ilani. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinataka upewe barua, na afisa wa kazi wa serikali apewe barua, mwezi mmoja kabla, ikieleza sababu na kiwango cha upunguzaji. Katika kuchagua wa kuondoka, mwajiri anapaswa kuangalia mtu amedumu kazini kiasi gani, ujuzi wake, uwezo wake na uaminifu wake. Anwani ya nyumba haimo. Na anayeondolewa kwa njia hiyo hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha, mbali na ilani na likizo ambayo hakuichukua. Wewe ukitimiza miaka 6, hizo ni siku 90. Zikumbuke siku hizo 90, maana ndizo zinazofanya ule mkataba wa mshauri uwe kitu cha kuogopa.

Huo usiutie sahihi. Nalisema bila kusitasita. Ukigeuka mshauri huna likizo ya siku 21 kwa mwaka, huna likizo ya uzazi, huna ilani ya kisheria, kampuni haichangii tena NSSF kwa niaba yako, na kila ankara inakatwa kodi ya zuio, kwa kawaida asilimia 5, kisha hesabu nyingine ya kodi ni juu yako mwenyewe. Kazi itabaki ile ile, saa zile zile, bosi yule yule. Na ili uupate mkataba huo, kwa kawaida utaombwa kwanza uandike barua ya kujiuzulu, na hapo ile miaka 6 inafutika kwa kalamu yako. Mahakama ya ajira huangalia kazi inavyofanyika hasa kuliko jina lililoandikwa juu ya mkataba, hilo ni kweli, lakini kwa nini ujitie katika safari ndefu hivyo? Wakiuleta, sema: "Nashukuru, naomba muda nitafute ushauri," utoke na nakala. Wakisisitiza, waulize kama wanaifuta nafasi yako. Kama wanaifuta, kifungu cha 40 kipo na walipe.

Vivyo hivyo wakikubana ujiuzulu, kwa kukunyima kazi, kukutoa kwenye mikutano au kukucheleweshea mshahara, andika kila tukio na tarehe yake. Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka wa 2015 kwamba mfanyakazi aliyesukumwa na mwenendo wa mwajiri hadi akaondoka anaweza kuhesabiwa kuwa amefutwa. Na ikifikia kufutwa kweli bila haki, malalamiko kwa afisa wa kazi hupelekwa ndani ya miezi 3, na kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya miaka 3. Mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Sikutakii ufike huko. Kampuni iliyokaa na mhasibu mwaminifu miaka 6 haitaki kuanza kumfundisha mwingine eTIMS katikati ya mwaka, na huo ndio uzito ulio nao mezani. Andika hiyo barua pepe ya kwanza leo jioni watoto wakilala, kisha uniandikie jibu lilivyokuwa.

SWALI

Mama, mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta. Kampuni yangu ya Nairobi imenikubalia kwa barua nifanyie kazi Kisumu, nilikorudi kwa wazazi. Sasa wanasema mshahara utapunguzwa kwa sababu maisha ya Kisumu ni nafuu na sihitaji marupurupu ya nyumba. Wanaweza?

Msomaji, Kisumu

JIBU

Wanaweza kupendekeza, hawawezi kuamua peke yao. Mshahara ni sehemu ya mkataba, na kuubadilisha kunataka mashauriano na kukubali kwako. Marupurupu ya nyumba yana kifungu chake, cha 31 cha Sheria ya Ajira: mwajiri akupe nyumba ya kufaa au akupe pesa za kutosha kodi, isipokuwa kama mkataba wako unasema mshahara umejumlisha nyumba. Kulala kwa wazazi hakumwondolei jukumu hilo.

Hoja yao ya unafuu wa Kisumu nayo ina kasoro. Serikali yenyewe, inapotangaza kima cha chini cha mishahara, huiweka Kisumu fungu moja na Nairobi na Mombasa. Mshahara wako bila shaka uko juu ya kima hicho, lakini ni hoja nzuri ya kuwarudishia.

Unaweza kukubali kupunguziwa kidogo kama kukaa na wazazi kuna thamani hiyo kwako, na sitakulaumu. Basi kiasi kiandikwe, na tarehe ya kukiangalia upya iandikwe. Wakikuletea barua ya kupunguza kabla hamjakubaliana, wakataka utie sahihi kwamba imekufikia, andika kwa mkono wako juu ya sahihi, "Nimepokea, sijakubali," na tarehe, na upige picha kabla hujairudisha.